Mtanashati wa Sinema ya Alhamisi

Siku ya arobaini ya mama, wanawake walipokuwa uani wakichambua mchele wa hitima, nilifungua sanduku lake la bati na harufu ya nafutalini ikanipiga usoni. Nyinyi wa rika langu mnavijua vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, ambavyo mama zetu walivifunga kwenye vitambaa na kuvisokomeza katikati ya nguo nzuri zisizovaliwa. Juu kabisa palikuwa na koti la baba. La kijivu, zito, lenye vifungo vitatu, na kimoja kilishonwa kwa uzi mweusi. Nilikaa sakafuni. Koti lile niliwahi kuliona kwa macho yangu likitoka nyumbani kwetu, limekunjwa ndani ya mfuko mkononi mwa mwanamume mmoja mtanashati, na tangu hapo sikuliona tena.

Mimi si mtu wa kuamini upesi. Mume wangu hunitania kwamba hata nikipewa embe naligeuza kwanza nijue limechumwa kwa nani. Anasema kweli. Fundi akinichekea sana namwambia afungue mashine mbele yangu, na mtu akiniletea habari njema bila kuombwa, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye mkoba. Lakini sikuzaliwa hivyo. Nikiwa na miaka tisa niliamini kila nilichoambiwa, na zaidi ya yote nilimwamini mwanamume yeyote aliyevaa kofia ya pama na kuongea kwa sauti ya chini. Somo hilo nililipata sinema.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Buyenzi, kwenye nyumba aliyoijenga baba chumba kimoja kimoja. Mtaa wa nyuma palikuwa na gereji, na ndani ya ua wa gereji palikuwa na banda la mabati lenye televisheni moja na mabenchi. Mwenye banda tulimwita Redio kwa sababu hakunyamaza. Mzungu mmoja wa mtaa wa Kibenga, vita vilipopamba moto, aliondoka kwa haraka na kuuza vitu vyake mlangoni, na Redio akarudi na katoni nzima ya kanda za video. Zote zilikuwa filamu za zamani, za rangi nyeusi na nyeupe, kwa Kiingereza, lugha ambayo sisi hatukuijua hata ya kuombea maji. Redio alidai aliijua vizuri, aliwahi kufanya kazi kwenye meli. Basi alikuwa anapunguza sauti ya televisheni, anakaa kando yake juu ya kreti ya soda, na kututafsiria.

Alhamisi mchana ilikuwa ya wanawake. Mama alinichukua, na jirani yetu Mama Zaina alitushikia nafasi. Filamu zenyewe zilifanana. Mvua inanyesha, barabara inang'aa, mwanamke amesimama dirishani. Kisha anakuja mwanamume wa nywele zilizopakwa mafuta, anavua kofia, anamwashia yule bibi sigara na kumwinamia sikioni. Katika kila filamu Redio alimwita jina moja, Bwana Alberti. Na katika kila filamu alikuwepo pia mwanamume mnene mwenye jasho na koti lililokunjamana, asiyekuwa na kazi ila kuuliza watu maswali. Huyo Redio alimwita Mubaya, na alipoingia tu sisi watoto tulimzomea.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Kulikuwa na kuvrefe, amri ya kutoonekana nje jua likishazama, na hakuna mwanamke aliyetaka kukutwa njiani na askari. Umeme nao ulikuja ulipotaka. Filamu iliyotakiwa kuanza saa nane ilianza saa tisa na nusu, na saa kumi na moja ikifika Redio alizima televisheni, iwe Bwana Alberti amenyanyua mguu au ameushusha. Mwisho wa filamu hatukuuona hata mara moja. Tulisimuliwa. Redio alisimama mlangoni, funguo mkononi, akatuambia kwa sentensi tatu kwamba Bwana Alberti amemuoa yule bibi, wamehamia nyumba ya ghorofa, na Mubaya amefungwa kwa fitina zake. Kisha akatutakia safari njema na sisi tukaenda zetu, moyo wangu umejaa. Nilijua dunia inavyokwenda. Anayeongea vizuri ni mwema, na anayeuliza maswali ana lake jambo.

Baba alikuwa mchuuzi. Alivuka mpaka pale Gatumba kwenda Uvira, akanunua vitenge, akarudi kuviuza kwa wenye maduka wa mtaa wa Asiatique. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye kichwa kikubwa kiasi kwamba kofia za dukani hazikumwenea na mama akawa anamshonea mwenyewe. Kwenye mkono wake wa kushoto, chini ya kiwiko, alikuwa na kovu pana linaloteleza. Nilipomuuliza aliniambia aling'atwa na kiboko ufukweni akiwa kijana, wakavutana mpaka kiboko akachoka. Nililipapasa kovu lile jioni nyingi nikiwa mapajani mwake na kumwomba anisimulie tena. Kila mara kiboko aliongezeka ukubwa.

Siku moja alikwenda Uvira na hakurudi. Kulikuwa na mapigano kwenye mabwawa ya Rukoko, njiani mwake, barabara ikafungwa siku tatu, na ilipofunguliwa watu walirudi mmoja mmoja, kila mmoja na hadithi yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na hadithi ya baba. Mama hakulia mbele yangu. Aliendelea kupika chakula cha watu watatu, na cha tatu alikila mwombaji.

Baada ya wiki kadhaa mdogo wake baba alianza kuja. Baba mdogo Rashidi alikuwa mnene, anatoka jasho hata kivulini, na leso yake haikukauka. Alikaa kwenye kiti cha baba na kuuliza. Kaka aliondoka na nani? Alibeba nini? Karatasi za kiwanja ziko wapi? Nilimtazama kutoka nyuma ya pazia na nikamtambua mara moja. Alikuwa Mubaya, amekosa kofia tu.

Yaliyokuwa kati yao niliyasikia kwa vipande vipande, kama watoto wasikiavyo. Baba mdogo alisema kaka yake amekufa na lazima afanyiwe matanga, asomewe, mkewe akae eda. Mama alisema hajaona maiti wala kaburi. Nyuma ya maneno hayo kulikuwa na nyumba. Mtu akishatangazwa marehemu, mali yake inagawiwa, na baba mdogo naye alikuwa na fungu lake. Alitaka iuzwe, wote tukimbilie Kigoma kabla vita havijatumaliza. Mama hakutaka. Hakuwa na ndugu Kigoma, hakuwa na kazi ya mkono zaidi ya sindano, na aliwahi kuona kwenye kambi mahali wanapolala wanawake wasio na nyumba. Baba akiwa hai, hata kama hayupo, nyumba ni yake na sisi tumo ndani. Baba akiwa marehemu, tumetoka. Hata mimi wa miaka tisa niliielewa hesabu hiyo.

Ndipo akaja Prosper.

Nilikutana naye kwenye lango la shule. Alisimama kando ya mama muuza maandazi, suti safi, kofia ya pama, viatu vinang'aa kwenye vumbi lile. Aliniinamia na marashi yake yakaniingia puani.

"We ni mutoto ya nani?" akaniuliza taratibu. "Una sura ya mutu ninamujua."

Nilimtajia baba. Akafumba macho kidogo, akavua kofia yake. Nawaambia, alivua kofia yake kwa ajili yangu. Aliniambia kwamba amemwona baba kwa macho yake huko ng'ambo, ni mzima, ila ameumia mguu na amenyang'anywa vyeti, ndiyo maana havuki. Kisha akaninunulia andazi na kuniambia anataka kuhakikisha ni baba yangu kweli. Anapenda kula nini? Anamwitaje mama? Ana alama gani mwilini? Nilimwambia vyote, mdomo umejaa andazi. Nilimwambia kwamba baba humwita mama "Sultani wangu" akitaka kumchokoza, na nilimwambia habari ya kiboko, na kwa furaha nilimtia kiboko chumvi zaidi ya alivyomtia baba. Akaniomba nisimwambie mama kwamba tumeonana, tumfanyie mama furaha ya ghafla. Mimi na Bwana Alberti tukawa na siri.

Kesho yake alibisha hodi kwetu. Mama alimkaribisha kwenye kiti cha wageni, Mama Zaina akaja kukaa naye kwa ajili ya heshima, na mimi nikakaa mkekani nikijifanya simjui. Alisimulia vizuri mno. Aliposema "Sultani wangu" mama alikirudisha kikombe kwenye kisahani bila kunywa. Mama akauliza kwa sauti isiyokuwa yake kama mumewe alimwonyesha alama yoyote.

"Ndiyo, madamu. Hapa kwa mukono. Akacheka, akaniambia kiboko ilitaka kumumeza."

"Kiboko," mama akasema.

"Kiboko, madamu. Mukubwa."

Mama akanitazama. Haikuwa hata kwa muda wa kumeza mate, kisha akarudisha macho kwenye birika. "Njo vile," akakubali. "Ongeza sukari." Mimi nikaona ameamini, na furaha ikanijaa mpaka nikatoka nje kuruka kamba.

Prosper akawa anakuja kila wiki. Mama alimpa mashati ya baba ampelekee, kisha viatu, kisha saa. Mama Zaina alikuwa akimtazama na kukunja midomo, na mimi nikamchukia kidogo kwa hilo. Siku moja Prosper alipofika, mama alinituma dukani kununua sabuni. Niliporudi na mche wangu niliona tayari tuna miche miwili rafuni. Nilishangaa, kisha nikasahau. Wao walikuwa wamekaa karibu, wanaongea polepole, na mama ndiye aliyekuwa akisema.

Ijumaa moja baada ya swala baba mdogo alikuja na sheikh na wazee wawili wa ukoo. Walikaa sebuleni, sisi wanawake upande wa pili wa pazia, na pazia likafungwa nusu ili mama asikike. Prosper naye alikuwepo. Mama ndiye aliyemwita. Baba mdogo alijifuta jasho, akatoa ndani ya kanzu kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Ilikuwa kofia, nyeupe ya zamani, ya nakshi za uzi wa kahawia. Alisema mvuvi mmoja wa Gatumba ndiye aliyempa, na huyo mvuvi ndiye aliyewazika watu waliokutwa wamekufa kwenye matete, kaka yake akiwa miongoni mwao.

"Shemeji," akasema, "hii kofia ulishona we mwenyewe."

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza, akaipitisha kidole ukingoni, akazunguka duara lote. Nilisimama nyuma yake na sikuona uso.

"Apana," akasema. "Mi sishonake hivi. Kofia kama hizi ziko nyingi mu soko."

Sheikh akaguna. Baba mdogo akageuka kwa Prosper. Alimuuliza amemwona wapi, lini, akiwa na nani, maswali yale yale ya Mubaya, na Prosper aliyajibu moja baada ya jingine bila kukunja uso. Alieleza kwamba baba sasa amepelekwa milimani, huko juu kwenye baridi. Mwisho baba mdogo akauliza kaka yake ana alama gani mkononi, na ameipataje. Mimi nikatabasamu, maana jibu nililijua.

"Pasi ya makaa," Prosper akasema. "Bibi yake alimuangushia, angali bibi arusi. Alilia siku mbili kuliko yule aliyeungua."

Wazee wakatazamana. Mmoja akatikisa kichwa, ndiyo, hivyo ndivyo ilivyokuwa, yeye mwenyewe alikuwepo siku hiyo. Leso ya baba mdogo ikabaki imening'inia mkononi.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza lililonipata pale. Sikumshuku Prosper hata chembe. Nilimshuku baba. Nilielewa kwamba tangu siku ile ya kiboko baba amemwambia mgeni ukweli, na mimi mwanawe, niliyelipapasa kovu lile jioni zote zile, alinidanganya na kunicheka moyoni. Machozi yalinitoka na wanawake wakadhani nalia kwa furaha. Niliibeba hasira hiyo miaka mingi, hata nilipokuwa mtu mzima, ya kwamba mtu wa kwanza kunidanganya maishani mwangu alikuwa baba.

Baba mdogo akaniona nalia. Akaniita nije mbele, nikaenda, nikasimama katikati ya mkeka.

"We Hadija," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, hilo nalikumbuka vizuri. "Huyu bwana, mara ya kwanza ulimuona wapi?"

Neno moja tu lilitakiwa, lango la shule, na yote yangeanguka. Nilimtazama Prosper aliyekuwa akicheza na ukingo wa kofia yake. Nilimtazama Mubaya akivuja jasho. Nilijua ni nani atafungwa mwishoni.

"Hapa nyumbani," nikasema.

Sheikh aliamua kwamba bila yakini mtu hatangazwi marehemu, na kwamba tungoje. Baba mdogo alinyanyuka bila kunywa chai. Wazee walimtazama kama mtu aliyetaka kumzika kaka yake akiwa hai ili ale nyumba, na kabla ya mwezi kwisha alikwenda Kigoma peke yake. Kofia aliiacha mkekani. Na mlangoni, mbele ya wote, mama akamkabidhi Prosper lile koti la kijivu la harusi na kumwambia ampelekee mumewe, huko milimani kuna baridi.

Prosper hakurudi tena. Alhamisi iliyofuata mama hakwenda sinema, wala iliyofuata. Alisema amechoka na kelele za Redio. Aliacha kujipaka wanja. Aliacha udi, aliacha hina, bangili zake akazivua akaziweka koponi, na kila siku alivaa kitenge kile kile kilichopauka. Hakutoka ila kwenda sokoni na kurudi. Msiseme kwamba mtoto haoni. Niliona, na nikaunganisha, na jibu nililolipata lilinichoma. Mama anamlilia Prosper. Baba yuko milimani mguu umevunjika, na mkewe amekonda kwa ajili ya tarishi. Nilimchunguza. Kila asubuhi niliiweka chupa ya wanja mbele ya kioo kumjaribu, na kila jioni niliikuta imerudishwa juu ya kabati. Nilikataa kusukwa naye nywele. Nilipekua chini ya godoro nikitafuta barua. Hakunigombeza hata mara moja, alinitazama tu nikipekua, akanisogezea taa nione vizuri.

Kisha siku moja niliporudi shule nilisikia harufu ya udi tangu uani. Mama alikuwa ameoga, amevaa kitenge kipya, macho yamepakwa wanja. Akaniambia nifanye haraka, leo Alhamisi, tutakosa nafasi. Nikasema moyoni, amemsahau.

Nilipokuwa mkubwa, nimeshaolewa, niliiona moja ya filamu zile kwenye kompyuta ya mume wangu, yenye maandishi ya Kifaransa chini. Niliwatambua wote. Nilikaa nikingoja nyumba ya ghorofa. Badala yake Bwana Alberti alimpandisha yule bibi juu ya ngazi ndefu, akambusu mkono, na kumsukuma. Wa kumkamata alikuwa yule mnene wa jasho, aliyeuliza maswali tangu mwanzo. Sikulala vizuri. Kesho yake nilikwenda kwa mama nikamkuta anapepeta maharage, nikamweleza kwa hasira kwamba Redio alitudanganya miaka yote ile.

Mama hakuacha kupepeta. "Kwani we ulizani hatujui?" akasema. "Ubaya wa ule bwana ulikuwa wazi mu macho yake tangu mwanzo. Redio alikuwa anatuonea huruma tu. Ni nyinyi watoto mulikuwa munaamini."

Nilitaka kumuuliza na Prosper je. Nilimeza swali. Niliogopa kujibiwa kwamba alimpenda.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini siku ya arobaini nilikaa sakafuni na koti lile mapajani. Mama Zaina aliingia kutafuta sinia akanikuta. Siku hizi ni mzee, magoti yanamsumbua, lakini aliketi chini pamoja nami, akalinusa koti na kucheka.

Alinieleza kwamba wiki mbili baada ya ile Ijumaa walilikuta likining'inia sokoni kwa wauza mitumba. Mama alilitambua kwa kile kifungo cha uzi mweusi. Hakupiga kelele. Aliuliza bei, akalikosoa, akakata bei vizuri kabisa, akalilipia na kulibeba kichwani kama mboga. Mama Zaina alishindwa kuvumilia, akamwambia sasa umeona, yule bwana ni mwizi.

"Akanijibu, nilijua tangu siku ya kiboko," Mama Zaina akasema. "Babako aliambiaka kiboko mutu mumoja tu duniani, na huyo mutu alikuwa we. Akasema, ule Prosper anatafuta nguo, na mi natafuta shahidi. Habari ya pasi ni yeye alimufundisha, siku ulitumwa sabuni."

Niliuliza kwa nini basi alikonda vile. Mama Zaina akanishangaa.

"Ile kofia alikuwa ameishona kwa mikono yake, Hadija. Aliijua kabla hajaigusa. Alikaa eda. Miezi mine na siku kumi, kuanzia ile Ijumaa, bila kuambia mutu ila mi. Ningesema nini, nilikuwa namuletea maji tu."

Mkono wangu ulikuwa ndani ya koti, na kwenye mfuko wa ndani niliigusa. Nyeupe ya zamani, uzi wa kahawia. Mama alikuwa na mazoea kwenye kofia zake zote, kubakiza jani moja dogo la nakshi bila kulijaza uzi, karibu na mshono. Nilizunguka ukingo kwa kidole kama alivyofanya siku ile, na jani nililikuta. Alimlilia mumewe mbele ya macho yangu, siku zake zote, na mimi nikawa namwekea wanja mbele ya kioo.

Baba mdogo Rashidi alikuwa amekaa uani peke yake. Alikuja kutoka Kigoma kwa ajili ya arobaini, mara yake ya kwanza kukanyaga nyumba ile tangu atoke. Amekwisha, kanzu inamcheza. Nilipiga magoti nikamwekea kofia mkononi. Aliigeuza polepole.

"Baba mudogo," nikasema, "uliniulizaka swali siku ile. Ule bwana tulionana kwa lango ya shule. Alinipa andazi. Mi njo nilimuambia alama ya baba, nikamuambia aling'atwa na kiboko."

"Na nani?"

"Na kiboko. Baba aliniambia vile."

Alinitazama. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka, mzee wa watu, akacheka mpaka leso ikatoka, na leso haikushuka tena machoni. "Kaka na mauongo yake," akasema. "Kiboko." Alipotulia akaivaa ile kofia, ikashuka mpaka masikioni, maana kichwa cha baba hakikuwa na mwenzake. "Na mi nilikuwa nataka kuiuza, hii nyumba," akasema. "Ningeiuza. Mamako aliniona."

Akaniomba nimsaidie kusimama. Tulikwenda pamoja kwa sheikh wa hitima, akamwambia kwamba leo jina la kusomewa si moja, ni majina mawili.